Atamnyoosha Vipi Mwanangu Miguu kwa Simu?

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Makunduchi, ambaye mwanawe ana mwaka mmoja na miezi minne na ameambiwa kuwa ana mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kuvitawala viungo vyake. Baada ya salamu aliniuliza hivi: "Dada, huyo mtaalamu wako wa kwenye simu atamnyoosha vipi mwanangu miguu, na hali hawezi hata kumshika?" Nimelisoma swali lake mara nyingi, kwa sababu ndilo nililomuuliza mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo mimi mwenyewe miaka minne iliyopita, tena kwa ukali, nikiwa nimekaa ukumbini kwetu hapa Konde, kaskazini ya Pemba. Nilimjibu kwa ufupi kwamba hatamnyoosha, na kwamba faida ya simu imo humo humo. Nina hofu kuwa aliona namfanyia mzaha, kwa hiyo hapa namwandikia jibu kamili, yeye na kila mzazi anayetaka mwanawe akae, asimame na aende chuo cha Kurani na skuli kama wenzake.

Mwanangu alizaliwa mwaka 2018, mimba ikiwa na wiki 30. Baadaye nilikuja kufahamishwa kwamba kwa mtoto anayezaliwa mapema kiasi hicho, sehemu ya ubongo iliyo karibu na vijishimo vya maji huwa dhaifu sana, na kwa kuwa nyuzi zinazopeleka amri miguuni hupita jirani kabisa na hapo, miguu ndiyo inayoathirika zaidi kuliko mikono. Wakati ule sikulijua hata neno moja katika hayo. Nilichokijua ni kwamba alipofika miezi minane hakuwa akikaa, na kila nikimnyanyua, miguu yake ilikuwa ikikaza na kupishana kama mkasi. Nilimpeleka kituoni nikaambiwa ningoje, watoto wa kiume huchelewa. Nikangoja. Wazee wakasema kapitiwa na kitu, tukamnywesha kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, na dua nawashukuru kwazo hadi leo, lakini hakuna aliyeniambia kuwa pamoja na dua kuna kazi ya kufanya kila siku. Alikuwa ametimiza miaka miwili ndipo mtu mmoja alipoandika jina la maradhi kwenye kadi yake, kisha akaniambia, mtoto akiwa mapajani mwangu ananitazama: "Mama, huyu usijisumbue naye sana." Sitamtaja mtu wala mahali. Lakini linaniuma, na huniuma zaidi ninapojua sasa kwamba dalili za hali hii huweza kutambuliwa na wataalamu kabla ya miezi 6, na kwamba sehemu kubwa ya uwezo wa mtoto wa kujongea hujengeka kabla hajafika miaka 5. Miaka ile miwili haiwezi kurudi.

Tulianza mazoezi Unguja. Aliyewahi kusafiri na mtoto aliyekaza viungo kutoka kaskazini ya Pemba hadi bandari ya Mkoani, kisha akapanda boti, anaijua safari hiyo na sina haja ya kuieleza. Tulikuwa tukifika tumechoka, mtoto ameshatapika, na akimwona tu mtu mwenye koti jeupe huanza kulia. Mtaalamu alimchukua, akamlaza, akamfanyisha mazoezi kwa dakika arobaini, nami nikikaa kwenye benchi la ukutani nikingoja, kama mtu aliyepeleka baiskeli kwa fundi. Kisha tunarudi Pemba, na hadi safari ifuatayo, ambayo wakati mwingine ilichukua miezi miwili au mitatu kwa kukosa nauli, mimi nilimkanda miguu kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni, nikiamini kuwa ninaendeleza kazi ile ile.

Mtaalamu wetu, ambaye ni mwanamke mpole lakini asiyekubali visingizio, ndiye aliyependekeza kuwa tuonane kwa simu ya video mara moja kwa wiki, na Unguja tuwe tunakwenda mara mbili kwa mwaka. Niliudhika. Nilihisi kuwa sisi wa shamba tunapewa makombo, wa mjini watashikwa na kunyooshwa, na sisi tutatazamana kwenye kioo. Kuhusu miezi mitatu ya mwanzo sina mengi ya kusema, kwani ilikuwa ni mtandao kukatika, mtoto kusinzia na mtaalamu kuoneshwa dari ya nyumba yetu.

Kilichonigeuza ni uji. Siku moja alipiga simu mapema kuliko tulivyopatana, akanikuta ninamlisha mwanangu kama nilivyomlisha siku zote, amelala mapajani mwangu, kichwa kimeanguka nyuma, nami ninammiminia kijiko. Alinisimamisha pale pale. Alinieleza kuwa kichwa kikiwa nyuma namna ile, chakula huweza kuingia kwenye njia ya hewa badala ya kushuka tumboni, na akaniuliza iwapo mtoto hukohoa wakati wa kula na kama huumwa kifua mara kwa mara. Majibu yote yalikuwa ndiyo. Alinielekeza nimkalishe wima, mgongo umeegemea kifua changu, kidevu kimeinama kidogo mbele, na kijiko kije kwa chini usawa wa mdomo. Katika safari zetu zote za Unguja hakupata hata mara moja kumwona mwanangu akila, kwa sababu hakuna anayekula uji katika chumba cha mazoezi. Simu ndiyo iliyomwingiza nyumbani kwetu, na nyumbani ndiko mtoto anakoishi.

Kuanzia hapo nilianza kuelewa na jambo la pili. Kwa vile hakuweza kumshika mtoto, ilimlazimu anifundishe mimi kushika, na nilipojua kushika akanifundisha kuachia. Nilipomwambia kwa fahari juu ya mafuta yangu ya nazi, alinijibu kuwa kukanda kunamstarehesha mtoto na nisiache kama anapenda, lakini ubongo haujifunzi pale mtoto anaposogezwa, hujifunza pale anaposogea mwenyewe, akitafuta kitu anachokitaka, akakosea, akarudia mara nyingi. Miguu niliyokuwa nikiinyoosha kwa dakika ishirini ilikuwa ikijikunja tena kabla sijamaliza kunawa mikono. Hili ndilo jibu la swali lako, mdogo wangu wa Makunduchi. Mtaalamu asiyeweza kumnyoosha mwanao miguu analazimika kutafuta jambo litakalomfanya mtoto ainyooshe mwenyewe.

Kwetu jambo hilo lilikuwa karafuu. Ulikuwa msimu, na jioni watoto wa nyumba nzima hukaa kwenye jamvi kuchambua. Mtaalamu aliniuliza kwenye simu: "Yeye mwenyewe anataka nini?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa katika miaka yote ile sikuwahi kumuuliza. Tulimuuliza, naye akaelekeza kidole kwa binamu zake. Basi tukaanza hapo. Alinitaka nizungushe simu polepole nimwoneshe kila kilichomo ukumbini na uani, akakiona kibao cha mbuzi cha zamani cha mama mkwe wangu, ambacho chuma chake kilikwishang'oka. Akasema hicho hicho. Tulimkalisha kwa kukipanda, mguu huku na mguu huku, ili mapaja yasipishane, nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga sakafu, na mimi nyuma yake nimemshika nyonga tu. Kazi yake ilikuwa kushika kikonyo kwa mkono mmoja na kuzipukuchua karafuu kwa mwingine, yaani mikono yote miwili ina shughuli na hakuna wa kujishikilia. Siku ya kwanza alianguka ubavu mara saba, nikawa ninamdaka. Baada ya wiki tatu, mtaalamu aliniambia nitoe mikono. Nilitoa. Alikaa peke yake muda wa kuchambua vikonyo vinne, ulimi umetoka nje kwa kujitahidi, na mama mkwe akaanza kumswalia Mtume kwa sauti.

Kisha tukaliweka pakacha la karafuu juu ya kinu kilichopinduliwa, mbele yake, ili kila akitaka kishada kipya alazimike kuinuka, kukichukua na kukaa tena. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi mtoto huinuka na kukaa katika jioni moja ya namna hiyo, bila ya mtu kumwambia kuwa yumo mazoezini. Msimu huu, akiwa na miaka 7, amejaza kibaba chake mwenyewe, akalipwa kama wenzake, na fedha zile amekataa kunipa nimwekee.

Sasa nikueleze namna ya kujitayarisha, maana mengi nimeyajua kwa kupoteza bando bure. Simu usiishike mkononi, iegemeze kwenye kitu kizito chini usawa wa mtoto, na mwanga utoke upande wa simu, kwa sababu mtoto akikaa mbele ya dirisha mtaalamu ataona kivuli tu. Mvae kaptura ili magoti na nyayo zionekane, na mweke juu ya mkeka, si juu ya godoro linalobonyea. Chagua saa ambayo ameshakula na kulala. Kwetu ni saa mbili asubuhi, na mtandao nao wakati huo huwa na nafuu. Mtandao ukikataa kabisa, rekodi dakika moja au mbili za mtoto akifanya jambo la kawaida, umpelekee mtaalamu peke yake. Usizitie picha hizo kwenye makundi ya simu, kwani mwanao ana heshima yake. Zaidi ya yote, muoneshe nyumba ilivyo. Usitandike busati la wageni, usifagie uwanja kwa ajili yake, usimtayarishe mtoto kama anayekwenda kupigwa picha. Mimi nilifanya hivyo kwa muda mrefu kwa kuona haya, na haya zangu zilimficha mtaalamu mlango wenye kizingiti kirefu ambao ndio uliokuwa ukimshinda mwanangu kila siku.

Simu hata hivyo ina mpaka wake, na anayekuambia haina anakudanganya. Mtaalamu hawezi kuhisi kwa macho iwapo misuli imekaza tu au imeshafupika, na viatu vya kushikilia vifundo vya miguu havipimwi kwa picha. Kubwa zaidi ni nyonga. Kipimo kinachotumika duniani, kilichotoka Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada mwaka 1997, huwapanga watoto hawa katika ngazi 5 kulingana na wanavyojongea, ya 1 ikiwa nyepesi na ya 5 nzito kabisa, na mwanangu, ambaye hutembea kwa kushikilia fremu, yumo ngazi ya 3. Kuanzia ngazi hiyo hadi ya 5, mfupa wa paja huweza kutoka kidogo kidogo kwenye tundu lake bila mtoto kulalamika mwanzoni, na kinachoonesha ni eksirei. Nchini Uswidi wameanza tangu mwaka 1994 kuwafuatilia watoto hawa kwa mpango maalumu, na nyonga kuteguka kumepungua sana kwao. Kwa hiyo tunapanda boti, na hatukosi. Mtoto akianza kulia unapombadilisha nguo, au akipata degedege, usingoje siku ya simu, mpeleke hospitali.

Neno jengine ni kwa akina baba na wazee wa nyumba, na naomba wasinichukie. Mazoezi haya si ya mama peke yake. Nimeona wanawake wenzangu wanaofua, wanaopika, wanaochuma, kisha usiku wakaulizwa kwa nini mtoto hatembei. Baba anaweza kumpakata ubavuni, miguu imetanuka kiunoni mwake, akaenda naye barazani, na miguu ile ikapata nusu saa ya kuachana bila ya gharama yoyote. Babu anaweza kumshikisha mkongojo wake. Kuona haya kumtoa mtoto nje ni kumnyima mazoezi, na anayemficha mwanawe chumbani asije akalaumu ubongo kwa kila kitu. Nayasema haya kwa sababu mimi nilimficha, mwaka mzima, na pazia lile nimelichana kwa mikono yangu.

Wewe wa Makunduchi una bahati ambayo sikuwa nayo, kwani mwanao hajafika hata mwaka mmoja na nusu. Mfunge mgongoni kwa kanga miguu ikiwa imetanuka, mlishe wima, muulize anataka nini hata kama atajibu kwa macho, na ukipata mtaalamu kwa simu mwoneshe anachokitazama.

Alhamisi hii tuna kikao kingine. Mwanangu ametangaza kuwa anataka kushuka baraza mwenyewe kwenda kwa wenzake, na mtaalamu ametaka nimpelekee vipimo vya ngazi zetu tatu kabla ya siku hiyo. Nimezipima jana kwa utepe wa fundi cherehani, yeye akinishikia ncha ya chini: ya kwanza sentimita 16, ya kati 22, ya mwisho 17. Chini ya ile ya kati itabidi tumwage saruji ili ipungue kimo.