Pia ya goti ilichomoka, eksirei inasema mfupa mzima

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 17, nacheza netiboli shuleni. Mwezi wa tatu nilidaka mpira nikageuka ghafla mguu ukabaki chini, pia ya goti ikahamia upande wa nje kabisa, nikanyoosha mguu ikarudi yenyewe. Eksirei wakasema mfupa mzima. Bibi ananikanda na maji ya moto lakini nikishuka ngazi nahisi kama inataka kutoka tena. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Eksirei inaonyesha mifupa, kano (zile kamba ngumu zinazoshika mifupa) haionyeshi, na kwa ulivyoeleza naona kilichoumia ni kano. Pia ya goti imeshikwa na vitu laini tu, juu msuli wa paja, chini kano nene inayoshuka mpaka kwenye muundi, upande wa nje utando mgumu, halafu upande wa ndani kuna kano nyembamba kama utepe inatoka mfupa wa paja inashika ukingo wa pia kwa juu. Huo utepe ndio unaoizuia isikimbilie nje, na pia ikichomoka mara nyingi unachanika.

Jaribu kwenye mguu ule mzima: kaa, unyooshe, legeza paja, sukuma pia kwa dole gumba, si inacheza? Sasa kunja goti, imetulia tuli, kwasababu imeingia kwenye mfereji wa mfupa wa paja. Kwahiyo goti likiwa limenyooka au limekunjwa kidogo tu utepe ndio unafanya kazi kubwa, na kwenye ngazi ndo hapo unapohisi inataka kutoka.

Bibi mshukuru, ila kukanda hakuungi kano. Nenda fiziotherapia, msuli wa paja wa upande wa ndani, ule uliotuna juu kidogo ya pia, unasinyaa haraka sana goti likiumia na lazima urudishwe kwa mazoezi, pamoja na misuli ya nyonga, na hii ni kazi ya miezi siyo wiki. Wengi waliochomoka mara ya kwanza hawafanyiwi upasuaji. Ila goti likikwama, likijaa maji, au pia ikitoka tena, omba MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata vitu laini, huenda kipande cha gegedu (ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa) kimevunjika, na wanaochomoka mara kwa mara hutengenezewa utepe mpya kwa kano ya nyuma ya paja.

Netiboli isubiri mpaka uweze kuruka na kutua kwa mguu huo mmoja bila goti kuingia ndani, fizio wako akiwa anakuangalia.