Dudu la njano linanisimamia usoni, nipulize dawa?

SWALI: Habari za kazi. Nipo Pongwe hapa Tanga, kwenye banda langu la kuku kuna madudu meusi makubwa yanatoboa boriti, unga wa mbao unamwagika chini kila siku, alafu kuna jingine la njano linaganda hewani mbele ya uso wangu kama linataka kunivaa. Wife anasema nyigu, mama mkwe anasema nyuki. Nipulize dawa? Na hawa wa bustanini nitawatofautishaje?

JIBU: Dawa weka pembeni kwanza kaka, mama mkwe yuko sahihi. Hao weusi ni majike ya nyuki wanaotoboa mbao, na huyo wa njano ni dume lao analinda eneo, na dume la nyuki halina mwiba kabisa kwaiyo hiyo ni mikwara tu. Rusha kijiwe pembeni yake uone atakavyokifukuza. Jike anao mwiba ila hana habari na mtu mpaka umshike, anapita mzito na ngurumo yake unaisikia kabla hujamuona. Na kama una pesheni ndo usimguse, mana ua la pesheni ni kubwa, nyuki wa asali anaiba chavua tu bila kugusa sehemu ya ua inayopokea chavua, huyu mweusi mgongo unafika hapo. Boriti we zipake rangi, anapenda mbao kavu iliyo wazi.

Bustanini usianze na rangi ya mdudu, angalia anavyoruka. Wa asali anatoka ua hadi ua la aina ileile, taratibu. Ukiona anayeruka kwa kushtukashtuka, anasimama hewani kidogo anachomoka, ulimi kautanguliza mbele, tumbo lina mistari ya bluu, huyo ni nyuki mwingine anayeitwa Amegilla, na akidaka ua la nyanya au biringanya anatetemesha mwili mzima mpaka chavua inamwagika, sauti inakuwa nyembamba ghafla, jambo ambalo nyuki wa asali hafanyi. Anayepita kabeba kipande cha jani chini ya tumbo ni mkata majani, anaenda kujengea chumba cha yai, mtafute kwenye mbaazi. Wale nyuki wadogo wasiouma wanaelea kikundi mbele ya kimrija cha nta.

Ila anayeganda hewani juu ya maua, kimya, alafu anahama ghafla, huyo mara nyingi ni nzi kajivika mistari, akitua muangalie vipapasio, vya nzi ni vifupi hata huvioni, vya nyuki virefu na vimepinda.