Orodha ya mameya wa Nablus: mbona 1982 mpaka 1985 pako wazi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natengeneza jedwali la mameya wa Nablus, Palestina, kwa kazi ya chuo. Kati ya 1982 na 1985 sioni meya, halafu wengine wameandikwa wamechaguliwa, wengine wameteuliwa. Nijaze vipi?

Jibu: Marahaba. Hapo usilazimishe jina la meya, maana hakuwepo. Manispaa ilikuwa inaendeshwa na maofisa wa Israel, kwa hiyo andika hivyo hivyo.

Ukitaka kuelewa rudi uchaguzi wa Aprili 1976, ndo mara ya kwanza wanawake wa Ukingo wa Magharibi (eneo la Wapalestina lenye Nablus, lililokuwa chini ya jeshi la Israel) kupiga kura za manispaa, na Israel ilitegemea wazee wa koo kubwa washinde lakini miji mingi ikachukuliwa na watu waliokuwa wanaiunga mkono PLO, yaani chama cha ukombozi wa Palestina, Nablus akapita Bassam Shakaa. Tarehe 2 Juni 1980 anaingia kwenye gari lake aende kazini, bomu likalipuka, miguu yote miwili ikakatwa. Siku hiyohiyo Karim Khalaf, meya wa Ramallah, naye alilipuliwa akapoteza sehemu ya mguu. Waliotega ni kikundi cha siri cha walowezi wa Kiyahudi. Shakaa akarudi ofisini kwenye kiti cha magurudumu, na bado 1982 utawala wa kijeshi ukamfuta kazi! Mtu kachaguliwa na mji wake, bomu halijamtoa, karatasi ndo imemtoa. Mimi hapo huwa naumia kila nikifundisha.

Mwisho wa 1985 Israel ikamteua Zafer al-Masri, mfanyabiashara aliyekuwa anaongoza chemba ya biashara ya mji, akakaa miezi michache tu, Machi 1986 akapigwa risasi akafa na PFLP, kikundi cha Wapalestina chenye silaha, wakasema ni wao. Unaona, kuteuliwa nako kulikuwa hatari kama kuchaguliwa.

Baadaye 1994 Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina, akamteua Ghassan Shakaa, na Desemba 2005 wananchi wakamchagua Adly Yaish kwa orodha iliyoungwa mkono na Hamas, chama cha Kiislamu cha Wapalestina, ambaye Israel ilimkamata 2007.

Kwa hiyo ongeza safu mbili kwenye jedwali lako, moja nani alimweka, ya pili aliondokaje. Na usianzie 1976, manispaa ya Nablus ipo tangu 1869 enzi za Waosmani.