Re: Paroko kaukataa Utukufu wetu, tugome?

Tumsifu Yesu Kristo ndugu yangu. Umeuliza kama kwaya igome jumapili kwa vile paroko kaukataa Utukufu, ule wimbo wa kwenye misa, mliofanyia mazoezi miezi miwili, kisa maneno yake. Aisee msigome. Hapo yuko sahihi kabisa, Mwongozo wa Misale (kanuni za kuadhimisha misa) namba 53 unakataza kuweka maneno mengine badala ya yale ya Utukufu, sasa watunzi wetu wanakata mistari ili melodi ikae vizuri.

Ila kuwasema mbele ya waumini wakati wa matangazo, hiyo inauma jamani, na mna haki ya kumwambia, aende mwenyekiti na mwalimu wa kwaya ofisini kwake, siyo kwenye grupu la whatsapp. Sisi yalitukuta Kwaresima, mpiga kinanda anapiga peke yake wakati wa komunyo, padri akamtuma mtumishi wa altare aje azime swichi, watu wote wamegeuka sisi tumeshika nota tu, mama mmoja wa sauti ya pili mpaka leo hajarudi. Tulipokaa na padri akatufungulia namba 313 ya Mwongozo huo huo, Kwaresima kinanda ni cha kusindikiza sauti tu, isipokuwa Dominika ya 4, sherehe na sikukuu. Angetuambia tangu Jumatano ya Majivu tungemuelewa vizuri tu! Nyie mpelekeeni nota za Pasaka mapema, kabla hamjaanza mazoezi.