Kusomea unesi ukikaribia miaka 40: piga hesabu kwanza, wito utafuata

Kama una miaka 38 na unawaza kuacha kazi ukasomee uuguzi, anza na umri wako. Ada tutaifikia. Matangazo ya kazi za serikali yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira hapa Tanzania yanataka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa yule ambaye tayari ni mtumishi wa umma. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Na ili ulipwe pensheni ya kila mwezi, unatakiwa uwe umechangia mfuko kwa miezi 180, yaani miaka 15. Ziandike namba hizo kwenye karatasi moja, kisha andika pembeni mwaka wako wa kuzaliwa. Utaona mambo ambayo hakuna shangazi wala rafiki atakayekuambia.

Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6 kwa mpangilio wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Ili udahiliwe unahitaji kuwa umefaulu masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, kwa alama D au zaidi, na ndani ya hayo manne lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hapo ndipo wengi wa rika letu wanapokwama. Shuleni kwetu mwalimu wa Fizikia alikuja na kuondoka, na wengi tulimaliza tukiwa hatujawahi kushika kifaa cha maabara. Kwa hiyo kabati la zamani lifungue leo, ukitafute cheti chako.

Ukikuta una hizo D zako, ukiomba mwaka huu una 38, utamaliza ukiwa na 41. Ukikuta Fizikia ina F, unajisajili NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea, unafanya mtihani Novemba, unasubiri matokeo, unaingia chuo ukiwa na 39 na kutoka ukiwa na 42. Baada ya chuo kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa sababu bila leseni ya Baraza huruhusiwi kufanya kazi hii popote nchini. Hivyo unabakiwa na miaka miwili mitatu ya kugonga mlango wa serikali. Ukiajiriwa na 43, utachangia miaka 17 kabla ya kustaafu. Inatosha, ila una miaka miwili tu ya kuchezea.

Sasa chukua mtu wa miaka 42 asiye na masomo ya sayansi. Huyo atamaliza akiwa na 46. Serikalini hataingia, atategemea hospitali binafsi na za mashirika ya dini. Kazi huko zipo, na wapo wauguzi wazuri sana huko, lakini hilo alijue kabla hajauza kiwanja. Na hata aliye chini ya 45 asidhani ajira inamngoja getini. Wapo vijana wengi wenye leseni mkononi wanaojitolea vituoni wakisubiri nafasi zitangazwe, na wewe utakuwa kwenye foleni hiyohiyo ukiwa na ada za watoto kichwani.

Mwalimu au mtumishi mwingine wa umma ana njia yake. Aombe ruhusa ya masomo kwa maandishi na asubiri jibu la maandishi, maana kuondoka kwa makubaliano ya mdomo ni kujitafutia kesi ya utoro kazini. Aliyekuwa sekta binafsi naye asikimbilie kuchukua mafao yake NSSF siku anayoacha kazi. Aende kwanza dirishani akaulize habari ya kujumuisha vipindi vya uchangiaji, kwa sababu miezi hiyo ya nyuma anaweza kuihitaji sana atakapofika 60.

Nimeanza na karatasi kwa sababu watu wataanza na wito. "Una wito kweli?" Utaulizwa na mama mkwe, na mchungaji, na muuguzi mstaafu wa mtaani kwenu. Ni swali jema, lakini kwa mtu mzima anayebadili kazi naliona linaulizwa mapema mno. Mimi nilikuwa karani wa hesabu kwenye duka la jumla la dawa. Nilijua bei ya kila boksi, nilijua dawa ipi inaisha haraka msimu wa mvua, na sikujua hata moja inafanya nini ikishaingia mwilini. Kilichonisukuma ni hamu ya kujua, pamoja na haja ya kazi ambayo ujuzi wake ni wangu hata bosi akibadilika. Hakuna aliyeuita wito. Upendo wa wagonjwa nilikuja kuupata wodini, kazini, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, na leo ni mkubwa kuliko nilivyowahi kufikiri moyo wangu unaweza kubeba. Nimewaona pia walioingia kwa machozi ya huruma wakaondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Huruma pekee haimfundishi mtu kuamka saa kumi usiku kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo.

Darasani utakuwa mama wa darasa, utake usitake. Mabinti wa miaka 19 watakuita mama, watakuletea shida zao, na watakushinda kukariri majina ya mifupa. Usishindane nao hapo. Utawapita kwenye kukaa na mtu. Mzee wa miaka 70 anayehitaji kuogeshwa kitandani hupata shida sana mbele ya binti mdogo, lakini ukija wewe ukamwamkia vizuri, ukavuta pazia, ukamweleza kila unachotaka kufanya kabla ya kumgusa, anatulia. Umri uliokuwa unauogopa ndio unaofanya kazi pale.

Umri huohuo utakutesa kwingine. Daktari wa miaka 26 atakupa shikamoo, na sekunde hiyohiyo atakupa maagizo, tena kwa haraka na bila tafadhali kama wodi imechafuka. Muuguzi kiongozi wa zamu anaweza kuwa rika la mdogo wako wa mwisho, akakukosoa mbele ya ndugu wa mgonjwa kwa jinsi ulivyoshika kanula, kile kimrija cha kupitishia dripu. Mtu aliyekuwa meneja, au mwalimu mkuu, au mfanyabiashara aliyezoea kuagiza, ajiulize kwa uaminifu kama anaweza kumeza hilo kila siku kwa miaka mitatu ya mafunzo na kadhaa baada ya hapo. Kwa maoni yangu hili linawashinda watu wazima wengi kuliko damu na kinyesi.

Hesabu nazo usizikimbie. Daktari ameandika lita moja ya dripu iishe kwa saa nane, na mpira ulionao unatoa matone 20 kwa mililita. Ni matone 42 kwa dakika, na hutakiwi kukisia. Kwa mtoto mchanga, nukta ikikaa mahali pasipo pake umempa dozi kubwa mara kumi ya inayotakiwa. Kama hesabu zilikutisha shuleni, anza kuzifanya sasa nyumbani, taratibu, kila jioni, kabla hujaingia chuo.

Leba ndiko nilikobaki, na sitaki kukudanganya kuhusu leba. Unasikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa, unajaza patografu, ile chati ya mwenendo wa uchungu, unamsaidia mama apumue, na pembeni kuna mwingine anaita. Mtoto akitoka unachoma oksitosini uniti 10 ndani ya dakika moja, kwa sababu kumwaga damu baada ya kujifungua kunaua haraka kuliko watu wanavyodhani. Zamu nyingi zinakwisha kwa vigelegele. Nyingine hazikwishi hivyo, na utamfunika mtu uliyemuita jina lake saa moja iliyopita, kisha utaosha mikono na kwenda kitanda kinachofuata, ambako mama mwingine anahitaji uso wako uwe mtulivu. Hili halizoeleki na nisingependa lizoeleke. Lakini lazima uwe na mtu wa kuongea naye ukirudi nyumbani. Kama huna, mtafute kabla ya kutafuta chuo.

Mwili uulize pia. Mgongo unaouma ukifua nguo utatakiwa kumnyanyua mgonjwa wa kilo 90. Pata chanjo ya homa ya ini B, dozi zote tatu, kabla ya mafunzo ya vitendo. Sindano ikikuchoma, sema papo hapo usione aibu, kwa kuwa dawa za kujikinga na VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi.

Nyumbani, mazungumzo yawe ya zamu ya usiku, yasiwe ya "nataka kusoma". Mume au mke akikubali masomo hajakubali bado usiku. Ulizaneni: nani atalala na watoto? Nani atawaandalia asubuhi? Sikukuu ya Idi au Krismasi ukipangiwa kazi, nyumba itasema nini? Wanaume wanaoingia fani hii, na wapo wengi kuliko watu wanavyofikiri, nao wajiandae na maneno ya ukweni.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ada ya vyuo binafsi hupita milioni moja kwa mwaka, na juu yake kuna sare, mitihani, nauli na chakula cha mafunzo ya vitendo ambayo yanaweza kukupeleka mbali na nyumbani. Mikopo ya serikali ya stashahada iliyoanza mwaka wa masomo 2023/24 inawalenga waliomaliza shule miaka ya karibuni, hivyo mtu wa rika letu asiitegemee. Uwe na akiba ya mwaka mzima mkononi, na chanzo kinachojulikana cha miaka miwili inayofuata. Mikopo ya kausha damu usiiguse kwa ajili ya ada. Mwanafunzi hana kipato cha kila wiki, na marejesho yanakuja kila wiki.

Ukishavuka hayo yote na bado unataka, nenda ukaone. Kumuuguza mama yako mzazi hakuhesabiki, kwa sababu yule unampenda. Nenda zahanati ya kata yenu, mwombe mganga mfawidhi akuruhusu kusaidia kazi zisizohitaji leseni siku za kliniki ya watoto: kupanga kadi, kuelekeza akina mama, kusafisha. Kaa hadi jioni. Ona unavyojisikia pale mtu usiyemjua anapokutukana kwa sababu dawa hakuna na wewe huna la kufanya. Kisha mtafute muuguzi anayetoka zamu ya usiku, mnunulie chai, umwulize nini kilimchosha usiku ule. Usimwulize kama anaipenda kazi.

Wapo watakaogundua kwamba wanachokitaka ni kuhudumia watu, na si lazima kiwe uuguzi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mafunzo yao ni ya miezi sita, na kazi yao ni kutembelea kaya za mtaani kwao. Kwa mtu wa miaka 44 mwenye familia, hiyo ni njia halali kabisa ya kuingia kwenye afya, na simwoni kama aliyeshindwa.

Lakini wewe mwenye miaka 36 au 38, D zako za sayansi zipo, mwenzako amekubali usiku, una akiba, na umeshinda zahanati ukarudi nyumbani ukitamani kesho ifike, sioni unachosubiri. Fuatilia dirisha la udahili wa vyuo vya afya kwenye mfumo wa NACTVET, hakikisha chuo unachochagua kimesajiliwa kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu, na uombe mwaka huu.