Maswali na Majibu: Kundi la 11 la Majeshi katika Vita vya Burma

Babu yangu alikuwa askari wa Keya (KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) huko Burma (sasa Myanmar) katika Vita vya Pili vya Dunia, na nimesoma kwamba alikuwa chini ya "kundi la majeshi". Ni kitu gani hicho? (Msomaji, Tabora)

Ni makao makuu yanayoongoza majeshi mawili au zaidi, kila jeshi likiwa na jenerali wake na divisheni zake. Kundi lenyewe halishiki bunduki. Huamua nani apewe askari, malori na chakula, na nani asubiri. Kundi la 11 liliundwa Novemba 1943, chini ya Admirali Louis Mountbatten, aliyeongoza vita vyote vya Washirika (Waingereza, Wamarekani na wenzao) dhidi ya Wajapani Asia ya Kusini-Mashariki. Jina lilikuwa kubwa kuliko mwili, kwa maana jeshi lake lililokuwa vitani lilikuwa moja tu, yaani Jeshi la 14 la William Slim, na lile la Ceylon (sasa Sri Lanka) lilikuwa la ulinzi.

Je, aliyeliongoza aliwafahamu Waafrika? (Msomaji, Kisumu)

Ndiyo. Jenerali George Giffard alikuwa ofisa wa KAR katika Vita vya Kwanza, akawa miongoni mwa waliomwandama Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, na baadaye akaongoza majeshi ya Waingereza Afrika Magharibi.

Kwa nini Mmarekani Stilwell alikataa kumtii Giffard? (Msomaji, Zanzibar)

Hapa ndipo penye kisa. Joseph Stilwell, aliyeongoza askari wa China kaskazini mwa Burma, alikuwa pia naibu wa Mountbatten, na hakuwa na imani na Giffard. Baada ya mabishano marefu alikubali kupokea amri za Slim mpaka atakapofika mji wa Kamaing, ingawa Slim mwenyewe alikuwa chini ya Giffard. Kwa hiyo naibu wa mkuu wa wote akawa chini ya mtu wa ngazi ya tatu, na Giffard akarukwa. Jambo la ajabu ni kwamba mpango huo ulifanya kazi, nadhani kwa sababu Slim hakupenda kujikweza. Kamaing ulipotekwa Juni 1944, Stilwell alianza kupokea amri kwa Mountbatten moja kwa moja.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia wapi, na kundi hilo liliishaje? (Msomaji, Tabora, tena)

Divisheni hiyo ya Meja Jenerali Charles Fowkes ilikaa kwanza Ceylon. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani, na watu zaidi ya 1,200 wakafa. Baada ya Wajapani kushindwa Imphal na Kohima, kaskazini-mashariki mwa India, divisheni ilihamishiwa kwa Slim, ikawafuata katika bonde la Kabaw wakati wa masika, penye tope na malaria.

Mountbatten alikuwa amekwisha kuamua kumwondoa Giffard. Tarehe 12 Novemba 1944 Kundi la 11 lilivunjwa, na nafasi yake ikachukuliwa na kamandi mpya ya majeshi ya nchi kavu chini ya Oliver Leese, ambayo safari hii iliwajumuisha pia Wamarekani na Wachina wa kaskazini. Kwa hiyo, ikiwa babu yako alikuwa na divisheni hiyo ilipoingia mji wa Kalewa, Burma, mwanzoni mwa Desemba, kundi unalouliza lilikuwa limekwisha kufutwa majuma matatu kabla.