Yale mabomba manene juu ya biti

Dada wa Kigamboni, umeuliza kama yale mabomba manene ambayo fundi wa kisima ameyafunga juu ya biti, kile kichwa cha chuma kinachochimba, ni ya lazima au anakuongezea bili. Ni ya lazima, na fundi huyo usimwache.

Yanaitwa kola. Kazi yake ni uzito. Biti haili ardhi kwa kuzungushwa tu, lazima ikandamizwe. Uzito huo ukitoka kwenye mabomba ya kawaida ya juu, ambayo ni membamba, yatapinda na shimo litaenda upande. Kola zikikaa chini, zinaisukuma biti huku mabomba ya juu yakining'inia, yamenyooka kama timazi. Ubaya ni kwamba shimo lililopinda hulioni siku ya kuchimba. Utaliona siku ya kushusha kesing, yaani bomba la kudumu linaloshika kuta za kisima, au pampu ikigoma kupita. Nililishuhudia hilo Goba, na liliniuma kwa sababu mwenye kiwanja alikuwa ameshalipa yote.

Ile nyundo ya upepo aliyokusifia jirani, inayogonga mwamba kwa nguvu ya hewa ya kompresa, waachie wenye miamba, kama Dodoma. Huko kwenu ni mchanga na mfinyanzi mwingi, upepo bila tope utabomoa kuta za shimo. Hapo ni biti ya meno au ya mabawa, na tope la bentonaiti, udongo laini unaochanganywa na maji ili kushika kuta za shimo.

Kabla hawajaanza, omba uione hiyo biti. Meno yasiwe yamelika, na kipenyo chake kizidi cha kesing ili changarawe ipate pa kukaa pembeni.